Hodi ya Kitinda

Paukwa!

Pakawa!

Huko nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Naam. Mmeniitikia, sasa naingia.

Hapo zamani za kale mbwa wote walikuwa wa aina moja. Walikaa porini, na adui yao alikuwa Chui. Chui yule! Nyama ya mbwa kwake halua. Akala mjomba, akala shangazi, mwisho akamkamata mama wa watoto watatu: Mbio, Lamba, na mdogo wao Kitinda. Mama, yumo makuchani, akapiga kelele: "Kimbilieni kwa watu, wanangu! Pigeni hodi. Mkisikia karibu, ingieni. Msiposikia, ngojeni!"

Wakatoka mbio, tifu tifu tifu! Kitinda nyuma, ana mwiba mguuni, anachechemea. Jua linazama. Wakaiona nyumba ya Bi Siwatu, bibi mmoja mkali kama pilipili. Yuko uani anatwanga. Twa! Twa! Twa!

Mbio hakusema hodi wala nini. Aliruka ua, puu! akaangukia kuku. "Mwizi!" Bi Siwatu akamtoa na mchi. Mbio huyo, msituni moja kwa moja. Ndiye babu wa mbwa mwitu.

Lamba akasema, "Hodi!" Lakini pua imeshanusa chungu cha maharage. Karibu hakuingoja. Akaingiza kichwa chunguni, akachapwa mwiko, pa! Akaishia jalalani, na jalalani yupo mpaka leo. Mbwa koko mnamjua. Porini hayupo, nyumbani hayupo.

Kitinda akafika mlangoni. "Hodi!" Twa! Twa! "Hodi, bibi!" Twa! Twa! Bi Siwatu amenuna, haitikii.

Nyuma majani yakalia, chakacha... chakacha. Chui!

Kitinda akachungulia ndani. Mlango u wazi. Akiingia atafukuzwa, aangukie mdomoni mwa Chui. Asipoingia, Chui huyo anakuja. Mara akasikia, "Karibu! Karibu, mwanangu!" Sauti laini, tamu. Akainua mguu. Akasita. Sauti imetoka kichakani. Karibu gani hiyo inayotoka nje?

Akageuka pale kizingitini, manyoya yamesimama, akabisha kwa nguvu zote: "Hodi! Hodi! Ho! Ho! Hou! Hou!" Sauti ikakatika, neno likapotea, ikabaki hou, hou. Chui akaruka. Bi Siwatu akatoka na kijinga cha moto, akamchoma puani, chwaa! Chui akatokomea analia.

Bi Siwatu akamtazama mtoto anayetetemeka. "Kumbe ni wewe uliyekuwa ukibisha? Nami nikakunyamazia! Nisamehe, mjukuu wangu. Karibu. Karibu ndani." Akamtoa mwiba.

Kitinda akaingia, akala, akashiba. Lakini kulala akarudi kizingitini. Kwa nini? Anawangoja kaka zake. Mpaka leo akisikia hatua nje, hou! hou! anauliza: hodi yako iko wapi? Kaka zake humjibu kwa mbali tu, mmoja jalalani, mmoja msituni. Kurudi kubisha hodi hawajarudi. Inauma, jamani.

Basi, wanangu, nyumba ya mtu haiingiwi kwa pupa. Bisha, ungoje. Na wewe mkubwa uliye ndani, ukisikia hodi itika upesi, maana hujui anayebisha anafuatwa na nini.

Hadithi yangu imekomea hapo kizingitini. Aliye nje, karibu ndani.