Bi Kindi na Kinu Kilichokaliwa na Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakifagia nyua zao na kuitana chai, palikuwa na Bi Kindi aliyeishi na mama yake mzee. Mama huyo meno yote yalikuwa yamekwisha. Alichoweza kula ni kile kilichotwangwa tu.

Na kinu je? Kinu hakikuwapo!

Kilikuwapo zamani. Bi Kindi alikikumbuka vizuri, kinu cha mninga, na alfajiri baba yake akitwanga kisamvu, tu! tu! tu! hata umande ukadondoka majanini. Mlio huo ndio uliokuwa ukimwamsha utotoni. Jamani, siku zile zilikuwa tamu.

Kisha baba akaenda kucheza karata kwa Nyati.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi, wanangu. Kila mmoja hupewa karata mbili za kuficha, na tano hulazwa wazi mkekani, za wote, tatu kwanza, kisha moja moja. Unaweka dau. Mwenzako akitaka kukuona, aweke la kulingana nalo. Asipotaka, atupe karata zake anyamaze, wala hana haki ya kuchungulia zako. Na dau halikuwa na mwisho: ukipenda weka njugu moja, ukipenda weka nyumba.

Siku hiyo baba Kindi hakuwa na karata ya maana mkononi, ila aliweka kinu chake ili awatishe wenzake watupe. Nyati akatishika, akatupa. Lakini Ngiri naye alikuwa palepale, na Ngiri hajui kutupa.

"Nione!" akafoka Ngiri. "Mimi nataka kuona tu!"

Akaona, na kinu kikaenda. Kesho yake Ngiri akakibadilisha kwa Nyati kwa kapu la mihogo. Nyati akakipindua akakifanya kiti. Baba Kindi hakuishi sana baada ya hapo, na nyumba yao ikawa kimya kila alfajiri.

Basi mwaka ule Bi Kindi akaona mama yake anazidi kukonda. Akajaza njugu mfukoni. Kisha akakibeba na kile kikapu cha masika, kikapu cha akiba ambacho kindi hukishona kifuniko kwa uzi na hakifungui mpaka mvua ya kwanza inyeshe.

"Hicho unakipeleka wapi?" mama akashtuka.

"Matembezini, mama."

"Mwanangu, baba yako hakukosea kutisha. Alikosea wa kumtisha. Ngiri hasikilizi, sasa utamtishaje asiyesikiliza?"

"Nimesikia, mama."

Akaenda. "Hodi! Shikamoo, Mjomba Nyati!"

"Marahaba, karibu mkekani," akasema Nyati, amekikalia kinu, kinalia kwii! kwii! chini ya uzito wake. Moyo wa Bi Kindi uliuma kukisikia kinalia vile. Ngiri alikuwepo pia, anatafuna, mkia juu.

Wakacheza. Bi Kindi akapata karata mbovu, akatupa. Akapata mbovu tena, akatupa tena. Alipopata nzuri aliweka njugu, na alipoonwa zilikuwa nzuri kweli.

"Huyu haweki mpaka awe nazo," Nyati akacheka, ho! ho! ho! "Si kama marehemu baba yake!"

Neno hilo lilimchoma. Mara moja ikatokea nafasi nzuri ya kutisha, Nyati anasitasita, jasho linamtoka puani. Mkono wa Bi Kindi ukaenda kwenye njugu. Akamtazama Ngiri, naye Ngiri tayari amefungua mdomo: "Nio..."

"Natupa," akasema Bi Kindi, akarudisha mkono.

Na huyo Ngiri, kwa kuwa alitaka kuona kila kitu, alilipia kila kitu. Jua lilipoanza kuinama hakuwa na njugu hata moja.

"Aka! Karata gani hizi!" Akajikung'uta, akatimka zake kwenda matopeni, puu! puu! puu!

Sasa wakabaki wawili.

Bi Kindi akagawiwa kopa mbili ndogo, karata za kutia huruma. Mkekani zikalazwa tatu: mfalme wa uru na shupaza mbili. Nyati akazitazama zake, masikio yakasimama. Alikuwa na wafalme wawili mkononi, na yule wa mkekani akawa wa tatu!

"Najua unachokitamani, binti," akasema, akainuka, akakivingirisha kinu mpaka katikati ya mkeka, gulugulu, gu! "Weka njugu zako zote."

Bi Kindi akawaza. Aliyeshika shupaza mbili, mkekani ikija ya tatu, anakuwa na tano za namna moja, na tano hizo huwala wafalme watatu. Yeye hakuwa na shupaza hata moja. Ila Nyati angejuaje? Akaamua moyoni: shupaza ikija, nitamtisha. Isipokuja, nitatupa na nirudi nyumbani mikono mitupu.

"Naweka," akasema, akamwaga njugu zake zote.

Ya nne ikaja: malkia wa pau. Si kitu. Ya tano ikafunuliwa, taratibu... shupaza!

Nyati akakunja uso. "Haya, sema wewe."

Bi Kindi akaukalia mkia wake usije ukatetemeka. Akakiinua kikapu cha masika, uzi wake bado haujakatwa, akakiweka juu ya kinu. Akiliwa hapa, mama hatafika mwisho wa mvua.

"Ukitaka kuona, Mjomba, weka dimbwi lako."

"Dimbwi langu?"

"La matope. Lote."

Mtu mzima Nyati akameza mate. Bila dimbwi jua lingemkausha kama ngozi ya ngoma! Akaanza kupiga hesabu kwa sauti, maana hakujua kuwaza kimya.

"Kindi kuweka kikapu cha masika... Haijawahi kutokea! Mchana kutwa amekuwa akitupa tu. Na kila alipoonwa alikuwa nazo. Angekuwa Ngiri hapa angeona, apoteze, alie. Mimi si Ngiri, mimi nina akili!"

Akawatupa wafalme wake wazi mkekani, pa! ili asifiwe kwa busara yake.

"Tazama nilichokiacha! Sema basi, shupaza zako zilikuwa kubwa?"

"Ungelipa, Mjomba, ungeziona," akajibu Bi Kindi kwa adabu, akazichanganya karata zake na nyingine. "Asante kwa mchezo."

Akakivingirisha kinu mpaka nyumbani, kikapu kichwani, njugu mfukoni.

Alfajiri mama akashtuka usingizini. Tu! tu! tu! Umande ukadondoka majanini kama zamani. Akajikongoja hadi uani.

"Nilidhani ni baba yako," akasema, machozi yakimlengalenga.

"Ni mimi, mama. Kisamvu hicho kinakuja."

"Ulishika nini mkononi?"

"Kopa mbili, mama. Ndogo ndogo."

Mama akacheka, ha! ha! akajishika mbavu, akacheka mpaka akakaa chini. "Laiti angelisikia! Mwenda zake yule angecheka mpaka aanguke!" Kisha Bi Kindi akaendelea kutwanga. Wote wawili wakausikiliza mchi, maana hakuwapo wa tatu wa kuusikiliza nao.

Kule dimbwini Nyati naye aliusikia. Akayauliza matope: "Lakini zilikuwa shupaza kweli?" Mpaka leo anauliza.

Nami nawaambia, wanangu: anayetaka kutisha mara moja, asitishetishe kila siku, na amtazame kwanza mwenzake kama anamsikiliza.