Mwiba wa Kuingilia Baharini

Paukwa!

*Pakawa!*

Mpo?

*Tupo!*

Miguu imelowa?

*Imelowa chepechepe!*

Basi aliyelowa miguu asogee mbele, hii ni ngano yake. Aliye mkavu naye akae, atalowa humu humu.

Hapo kale, kale sana, palikuwa na nchi ya pwani iitwayo Mwambani. Wanyama wa Mwambani walikuwa wakivua, lakini hawakuwa wavuvi. Hawakuwa na nyavu. Hawakuuza samaki. Maji yakipwa, kila mmoja alichukua kijiti chake, akatembea juu ya mwamba, akachokora mashimo. Akipata pweza, alikuwa na kitoweo. Asipopata, amecheza, amecheka, amerudi nyumbani.

Wanyama wale hawakujua kusoma. Lakini waliujua mwezi. Waliutazama tu mwezi na kusema, kesho maji yatapwa saa fulani, keshokutwa yatachelewa kidogo. Na maji yalifanya hivyo hivyo.

Katika nchi ile aliishi Tumbili mmoja wa kike, jina lake Mashavu. Alikuwa bado msichana. Aliishi na bibi yake, wawili tu. Bibi alikuwa amekwisha meno yote. Hakuweza kula tunda gumu wala mbegu wala mzizi. Chakula kilichompita kooni kilikuwa kimoja tu, pweza aliyepondwa juu ya jiwe mpaka akawa laini kama uji.

"Mjukuu wangu," bibi alikuwa akisema, "siku usipokwenda mwambani, mimi nalala na njaa."

"Nitakwenda, bibi," Mashavu alikuwa akijibu. Na alikwenda.

Siku moja ikasikika mbiu. Mbuzi alipita anagonga upatu, ngo, ngo, ngo!

"Sikieni, sikieni! Bwana Mkubwa Nyati, mtawala wa bara na pwani, anasema hivi. Kuanzia leo, asiye na mwiba asitoe chochote kilicho majini! Awe anauza, awe hauzi. Awe anavua kwa njaa, awe anavua kwa kujifurahisha. Bila mwiba, asitoe chochote! Miiba inatolewa na Karani Nungunungu. Mwenye maneno aje barazani!"

Wanyama wakatazamana. Mwiba?

Wakaenda barazani. Nyati alikuwa amesimama mchangani, mkubwa, mweusi, vumbi la bara bado liko mgongoni. Pembeni yake alikaa Nungunungu, amejaa miiba, anapiga miayo.

Wa kwanza kusema alikuwa Kaa. "Bwana Mkubwa, huo mwiba unavaliwaje?"

"Unachomekwa nyuma ya sikio," akasema Nungunungu.

"Mimi sina sikio."

"Chomeka popote."

"Popote wapi, Karani? Nina magamba na macho tu. Unataka nijichome jicho ili nionekane nimefuata sheria?"

Watu wakacheka. Nyati akakoroma, wakanyamaza.

Wa pili alikuwa Bi Kasa. Yeye ni mzee wa bahari, anayajua maji ya mbali. Alisema polepole, na wala hakucheka.

"Wanangu, msikimbilie kukataa. Mimi nilipokuwa mdogo, pweza wa mwamba huu alikuwa mkubwa kama kikapu. Sasa yuko kama ngumi. Tunawatoa kabla hawajazaa. Bwana Mkubwa hajakosea kusema kwamba bahari inahitaji kuangaliwa. Kuna kitu lazima kifanyike."

Hapo kila mtu aliinamisha kichwa, maana ilikuwa kweli.

Wa tatu akasimama Mashavu.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Sema upesi."

"Nauliza tu. Nikichomeka mwiba nyuma ya sikio langu, pweza atanenepa?"

"Mwiba ni wa kutuwezesha kujua nani anavua!" akasema Nungunungu.

"Sisi tunajuana, Karani. Yule ni Kaa, yule Nguchiro, yule Korongo. Unataka kujua nini zaidi?"

"Wee mtoto!" Nyati akapiga kwato, mchanga ukaruka. "Unajua unazungumza na nani?"

"Najua, Bwana Mkubwa. Nazungumza na mtu ambaye miguu yake ni mikavu."

Yalaa! Baraza zima likaguna. Nyati akasema neno moja tu. "Nimeshaamuru." Akageuka akaenda zake. Huo ndio ukawa mwisho wa mazungumzo. Waliitwa waseme, wakasema, na sheria ikabaki vile vile.

Mashavu akarudi nyumbani na kufikiri. Sheria siipendi, akasema, lakini bibi ana njaa. Nitakwenda nichukue huo mwiba.

Siku ya kwanza alidamka alfajiri. Akafika kwa Karani Nungunungu. Akamkuta amelala, khoo, khoo. Kwani Nungunungu si mnyama wa mchana. Usiku kucha huzunguka, asubuhi hulala. Maji yakapwa. Mwamba ukatokeza, mweusi, unang'aa. Mashavu akapanga foleni, Nguchiro nyuma yake, Korongo nyuma ya Nguchiro. Jua lilipofika utosini, Nungunungu akaamka. Akajinyoosha. Akang'oa mwiba mmoja, akamchomeka Mashavu nyuma ya sikio. Mashavu akakimbia baharini.

Maji yalikuwa yamejaa. Mwamba hauonekani.

Bibi akalala na njaa.

Siku ya pili Mashavu alikwenda na mwiba ule ule. Nungunungu akafumbua jicho moja.

"Huo ni mwiba wa jana."

"Jana sikuvua, Karani. Ulinipa maji yakiwa yameshajaa."

"Mwiba wa leo ni wa leo. Panga foleni."

"Basi nipe sasa hivi, maji yanapwa."

"Kazi inaanza jua likiwa utosini."

"Lakini maji hayafuati jua, Karani! Yanafuata mwezi!"

"Huo mwezi haujaleta malalamiko hapa," akasema Nungunungu, akalala tena.

Akapanga foleni. Akapata mwiba. Akakimbia. Maji yalikuwa yamejaa.

Alipofika nyumbani, alimkuta bibi kitandani. Alikuwa amelala upande, anatazama ukuta. Mashavu akamshika mkono, akauona umekuwa mwepesi kama jani kavu. Akatoka nje. Akasimama mahali ambapo wote wangemsikia.

"Jamani wa Mwambani! Kesho maji yakipwa nakwenda kuvua. Sina mwiba na sitauomba. Siendi kwa kunyata, nakwenda mchana kweupe. Anayetaka kunikamata, anifuate nilipo!"

Siku ya tatu ikafika. Maji yakapwa. Mashavu akachukua kijiti chake, akashuka pwani, anaimba:

*Maji yametoka, nami natoka,*
*mwenye mwiba abaki na mwiba wake,*
*bibi ana njaa, nami nakwenda!*

Itikieni, wenzangu!

*Bibi ana njaa, nami nakwenda!*

Kaa akasikia, akatoka shimoni, akamfuata. Nguchiro akatoka kwenye foleni. Korongo akatoka kwenye foleni. Foleni ikabaki bila mtu. Ukimya ule ndio uliomwamsha Nungunungu, akakimbia kumwita Nyati.

"Bwana Mkubwa! Wameingia! Wote! Bila miiba!"

Nyati akaja mbio, nchi inatetemeka, Nungunungu nyuma yake. Akamwona Mashavu kwa mbali, mwisho kabisa wa mwamba, anachokora shimo.

"Toka huko!"

"Njoo unitoe!" akajibu Mashavu. Na akaimba:

*Maji yametoka, nami natoka,*
*mwenye mwiba abaki na mwiba wake!*

Nyati akaingia. Hakujua mahali pa kukanyaga. Wenye bahari hupita juu ya jiwe, yeye akapita kwenye tope, kwa sababu tope lilionekana laini. Mguu wa kwanza ukazama. Mguu wa pili ukazama. Kila alipovuta mmoja, wa pili ulishuka zaidi.

Mashavu akampata pweza wake. Akamtia begani, akatazama maji. Yalikuwa yanarudi.

"Bwana Mkubwa, rudi! Maji yanajaa!"

"Usinifundishe kazi!"

"Bwana Mkubwa, yamefika magotini!"

"Nitakukamata leo!"

"Bwana Mkubwa, yamefika tumboni! Tafadhali, rudi!"

Hapo Nyati akataka kurudi. Hakuweza. Miguu yote minne ilikuwa imeshikwa. Na Nungunungu je? Yeye maji yalimnyanyua tu. Miiba ya nungunungu ina uwazi ndani, basi akaelea juu kama kifuu cha nazi, anazunguka, anapiga kelele. "Mimi ni Karani! Mimi ni Karani!"

Wanyama wakasimama juu ya jiwe. Maji yakamfika Nyati kifuani.

"Nitoeni!" akanguruma. "Mnatazama nini? Nitoeni!"

Kaa akataka kwenda. Mashavu akamzuia kwa mkono.

"Bwana Mkubwa," akasema, "tunataka sana kukutoa. Lakini nina swali. Hapo ulipo, uko nchi kavu au uko majini?"

"Niko majini! Huoni?"

"Naona. Nawe uliamuru, asiye na mwiba asitoe chochote kilicho majini. Hapa hakuna mwenye mwiba hata mmoja."

Korongo akageuza uso, asionekane anacheka.

"Karani!" Nyati akapiga ukelele. "Wape miiba! Upesi!"

Nungunungu akapita anaelea. "Jua halijafika utosini, Bwana Mkubwa. Na tena lazima kwanza wapange foleni."

"Foleni gani, mwehu wewe! Mimi nakufa!"

"Ndiyo, Bwana Mkubwa. Lakini foleni..."

Maji yakafika shingoni. Sasa Nyati akajua ladha ya kungoja mwiba huku maji yanapanda. Akamtazama Mashavu. Kwa mara ya kwanza alimtazama kama mtu anayezungumza naye.

"Unataka nini, binti?"

"Futa amri."

"Nimeifuta."

"Sema kwa sauti, walioko nyuma wasikie."

"Nimeifuta!"

"Mbuzi yuko mbali, hajasikia."

"NIMEIFUTA!" Sauti ikapasuka, ndege wakaruka kutoka mikokoni.

Mashavu akarukia majini wa kwanza. Wakaleta kamba za ukindu, wakamfunga pembe. Bi Kasa akamsukuma kwa chini, Kaa akachimbua tope miguuni. Wakavuta, hoi! Wakavuta, hoi! Wakavuta mara ya tatu, akatoka kama jino. Akaanguka mchangani, anatapika chumvi. Njiani wakamwokota na Nungunungu.

Nyati alipopata pumzi, jambo la kwanza aliloliona ni pweza begani mwa Mashavu.

"Na huyo?"

"Huyu ni wa bibi yangu."

Nyati akajiinua mchangani, akasimama.

Kisha akasema, "Haya, mmeshinda. Lakini niambieni, nani ataiangalia bahari? Au mtavua mpaka ibaki mawe?"

Wengine walitaka waende zao, washangilie. Bi Kasa akamtazama Mashavu, maana pweza yule kweli alikuwa kama ngumi.

Mashavu akasogea mbele. "Tutaiangalia sisi," akasema. "Upande wa kusini wa mwamba tuufunge miezi mitatu. Asichokore mtu, hata mimi. Pweza wakikua, tutaufungua siku moja wote pamoja, halafu tuufunge wa kaskazini."

"Kusini ndiko kwenye pweza wengi," akanong'ona Nguchiro. "Na bibi yako je?"

"Nitamtafutia kaskazini. Nitazunguka zaidi."

"Bila karani?" akauliza Nyati.

"Bila karani. Atakayeingia, tutamwona. Tunaishi hapa."

Wakakubaliana kwa kunyanyua mikono, na makucha, na mabawa. Hakuna aliyelazimishwa. Nyati akarudi bara, na hakutuma tena Mbuzi na upatu.

Mashavu akafika nyumbani. Akamponda pweza juu ya jiwe, pu, pu, pu, mpaka akalainika. Akamketisha bibi, akamlisha.

Bibi akala. Kisha akauliza, "Nasikia ulimjibu Nyati."

"Nilimjibu, bibi."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote."

Bibi akatafuna kwa ufizi, akalamba kidole. "Pweza huyu mdogo," akasema.

"Ni mdogo, bibi. Wengine tutawangoja wakue."

Wenzangu, ngano hii inatufundisha hivi. Anayetaka kutunga sheria ya bahari aje kwanza alowe pamoja nasi, na akituita tuseme, asikilize. Sheria isiyojua maji yanapwa saa ngapi, tuikatae mchana kweupe, wala tusinyate. Lakini tukishaikataa, kazi ya kuitunza bahari ni yetu, hata pale inapotuuma.

Ngano yangu imefika nchi kavu, inajikung'uta maji. Ikiwanogea, gawaneni. Ikiwachachia, nirudishieni mwenyewe, nitaila hivyo hivyo.