Chambuso Ndiye Anayejua

Muundo mpya wa halmashauri ulipofika, dereva aligeuka Mratibu wa Usafirishaji na mfagizi akawa Afisa Mazingira ya Kazi. Chambuso, mpiga chapa, hakuwamo kabisa.

“Cheo chako kimefutwa. Kabidhi ofisi,” Mkurugenzi Rugambage alimwambia.

“Sawa, mkuu. Naomba tu nisubiri wageni wa wizarani waondoke.”

Mkurugenzi alikubali, maana alihitaji mtu wa kuwaandalia chai.

Kesho yake wageni walipita meza kwa meza. “Katika muundo mpya, kazi yako ni ipi?”

“Chambuso ndiye anayejua,” dereva alijibu. Mfagizi akajibu hivyo hivyo. Mhasibu naye.

“Katika halmashauri nyingine hakuna hata mmoja anayejua,” kiongozi wa wageni alimwambia mkurugenzi. “Huyu Chambuso asiguswe.”

Walipoondoka, mkurugenzi alimwita Chambuso. “Umewafanya nini watu wangu?”

“Niliwaambia ukweli, mkuu. Anayejibu vibaya, kosa ni lake. Anayenitaja mimi, kosa ni langu.”

“Kwani wewe unazijua hizo kazi?”

“Naijua moja tu. Ya kwako.”

Mkurugenzi alifunga mlango, akashusha sauti. “Ni ipi?”

“Kuhakikisha siondoki.”