Saini ya Ambrus

Akiinama mkubwa, kijiji hutambaa. Mmeusikia msemo huo leo mkutanoni, wajukuu zangu, mkaucheka, na sasa mnauliza umetoka wapi. Umetoka nyumbani kwetu. Aliyeinama alikuwa baba yangu, Ambrus.

Hungaria yetu haina bahari. Imezungukwa na nchi za watu pande zote, na majeshi yamepita juu yake tangu enzi za mababu. Mwaka 1956 watu waliinuka dhidi ya serikali, vifaru vya Warusi vikawazima. Kaka yangu Lorinc, aliyekuwa mwanafunzi mjini, akafungwa miaka minane. Baada ya muda serikali ikaamuru kila mkulima atoe shamba lake na wanyama wake viwe mali ya ushirika.

Kijiji chetu cha Bodafa kilikataa. Maofisa walitisha, wakapiga watu, wakaambulia patupu. Ndipo mmoja wao akauliza, "Hapa watu humsikiliza nani?"

Wakaja kwetu asubuhi, mama akikamua ng'ombe. Yule ofisa hakupaza sauti. Alivua kofia, akaketi.

"Mzee Ambrus, mwanao anakohoa damu gerezani. Tia saini, atakuwa hapa kabla ya Pasaka."

"Na majirani zangu?"

"Hao hatuwataji. Tunataka jina lako tu."

Baba alimtazama mama. Mama akageuza uso. Baba akatia saini.

Habari ilienea kabla ya adhuhuri. Alasiri tulimwona Piroska, mjane jirani yetu, akipita na farasi wake wawili kuwapeleka ushirika. Nyuma yake walifuata watu wa mtaa mzima, kila mmoja na mnyama wake. Baba alitoka mbio.

"Piroska! Walikusimamisha pekupeku kwenye theluji kutwa nzima, hukutia saini. Leo nani amekulazimisha?"

"Theluji niliiweza, kaka Ambrus," alisema. "Kila nilipotetemeka nilijiambia, Ambrus bado hajakubali. Leo ningejiambia nini?"

Kesho yake baba alikwenda ofisini kutaka jina lake lifutwe. Ofisa akamsogezea karatasi na kalamu. "Futa, mzee. Limekwisha kufanya kazi yake."

Lorinc alirudi kabla ya Pasaka kama walivyoahidi, mwepesi kama gunia tupu. Alipokuta zizi halina kitu hakuuliza. Tulimzika kabla ya mavuno.

Hakuna aliyemtukana baba. Waliendelea kumvulia kofia njiani, na hilo ndilo lililomla. Katika mikutano ya ushirika, ilipofika saa ya kunyoosha mikono, ukumbi mzima uligeuka kumwangalia kwanza. Aliunyoosha wake, nao wakanyoosha yao. Alikwisha kuzoea, nao pia. Ikawa hivyo miaka ishirini, hadi alipokufa.

Kaburini, padri alipomaliza, Piroska alitupa udongo wake, akasema polepole, bila hasira, "Akiinama mkubwa, kijiji hutambaa." Mama alikuwa amenishika mkono, nikamsikia akiyarudia maneno yale chini kwa chini.

Simlaumu baba. Siku ile hata mimi nilimtaka Lorinc, na kama angeniuliza, ningemwambia atie saini. Lakini msiucheke tena msemo huo, wanangu. Akiinama mkubwa, kijiji hutambaa.