Kereng'ende Juu ya Jiwe Jeusi

Ndugu zangu, katika nchi za baridi za kaskazini yuko kereng'ende mdogo wa vinamasi, mweusi, uso wake mweupe kama aliyechungulia ndani ya gunia la unga. Huko aliishi mwanamume mmoja aliyefiwa na mkewe. Alimjengea kaburi la jiwe jeusi, na kila asubuhi alilisugua kwa kitambaa mpaka likang'aa, akajiona ndani yake.

Kiangazi kilipofika, kereng'ende mmoja akaanza kuja. Alishuka juu ya lile jiwe, akaligusa kwa ncha ya mkia, akapaa, akashuka tena.

"Ni yeye, shemeji," akasema mdogo wa kike wa marehemu, ambaye hakukosa kuja kumpa pole. "Amekuja kukusalimia."

"Kwa mkia?"

"Dada yangu alikuwa na salamu zake."

Yule mwanamume akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Nani kati yetu angemnyima kicheko hicho? Lakini alikuwa mtu wa kutaka kujua. Kwa nini jiwe hili, wala si lile la kijivu la kaburi la jirani? Akavaa miwani, akapiga magoti. Juu ya jiwe palikuwa na mayai, madogo kama punje za mchanga, yamekaushwa na jua. Akainua macho. Ng'ambo ya ukuta wa makaburi kulikuwa na kinamasi, maji yake meusi, yanang'aa vilevile.

Akaenda akachota tope, akalipaka jiwe zima.

"Umempaka dada yangu matope?" shemeji akauliza alipofika.

"Mdudu alidhani jiwe ni maji, akataga juu yake. Mayai yote yamekufa. Nami nilidhani amekuja kwa ajili yangu." Akamgeukia. "Na wewe, shemeji? Siku zote hizi unakuja. Unatafuta nini hapa?"

Mwanamke akaketi kwenye nyasi.

"Nilikuwa na dada mmoja tu," akasema. "Mimi hakuna aliyenipa pole."

Ndugu zangu, sisi tuliofiwa hupokea wageni wengi. Wanachemsha chai, wanakaa nasi, nasi tunasema Mungu amewatuma watufariji. Huenda ni kweli. Lakini ni nani kati yao aliyekuja na kiu yake, akakuta huzuni yetu tumeisugua ikang'aa, akarudi kwake mkavu?

Leo atakayebisha hodi kwako, kabla hajakupa pole, muulize yeye analalaje.