Kifurushi cha Tunu

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, walioshiba na wenye njaa.

Pakawa!

Hapo zamani za kale kiangazi kilikaza. Nyasi zikaisha, majani yakaisha. Mama Digidigi alikuwa na binti mmoja tu, Tunu, naye Tunu alisoma shule ya wanyama. Shule ile ilikuwa na desturi yake. Mwenye chakula alikuja na kifurushi cha majani, akala chake. Asiye nacho alipanga foleni kwenye chungu cha mpishi, Bi Nungunungu, akapewa uji.

Nyumbani kwa Mama Digidigi hakukuwa na kitu. Jirani yake, Mama Swala, akamwambia, "Shoga, mwache Tunu anywe uji wa shule."

"Mwanangu apange foleni na watoto wa ngiri? Watu watasemaje?"

Akakusanya majani makavu yasiyolika, akatia vijiwe viwili ili kifurushi kiwe kizito, akafunga, akakaza kamba.

"Tunu, ukifika kaa kando. Usikifungue mbele za watu."

"Na njaa ikiniuma, mama?"

"Jikaze, mwanangu. Jioni tutapata."

Kengele ikalia, ngo ngo ngo! Uji ukatokota, buku buku buku! Tunu kakaa kando, kifurushi mapajani. Wenzake wakamuuliza, "Huli?" Akasema, "Nimeshiba." Leo hivyo, kesho hivyo, kesho kutwa hivyo hivyo. Na hiyo jioni ikija, haiji na kitu. Mama aliiona miguu ya mwanawe inavyokonda, roho ikamuuma sana. Asubuhi akafunga kifurushi kingine.

Siku ya saba watoto wanatoka shule, Fisi huyo, katokea kichakani. Watoto wakatimua mbio, tifu tifu tifu! Tunu akaruka mara moja, akaruka mara ya pili. Mara ya tatu miguu ikakataa. Akaanguka, pu! Fisi akamchukua.

Mama Digidigi akaja shuleni analia. Bi Nungunungu alikuwa anakosha chungu. Akafuta mikono.

"Pole, dada yangu. Kila siku nilimwona na kifurushi chake, nikajua kwao kupo vizuri. Na uji wenyewe ulikuwa unabaki. Nakomba mwenyewe."



Basi, wazazi wenzangu, funzo ni hili: aibu ni ya mkubwa, lakini tumbo ni la mtoto. Kama huna, sema huna, mtoto ale.

Hadithi yangu inakomea hapo, na Tunu hakurudi.