Samaki Mwenye Manyoya Shingoni

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitika kama mliolala njaa. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Zamani, kabla babu wa babu yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji milimani, chini ya msitu. Kijito kilishuka msituni, chururu, chururu, kikajaza ndiva, yaani bwawa la kijiji lenye ukingo wa udongo. Bila ndiva hakuna mahindi, hakuna maharage, hakuna kijiji.

Mlinzi wa ndiva alikuwa Bibi Nakijwa. Bibi yule! Kafupi, ugoro puani, hamalizi neno bila kucheka. Mpaka leo akina mama wakifungulia maji mashambani humtaja.

Kijitoni waliishi mijusi wa maji, wakubwa, urefu wa mkono wa mtu mzima, wateleza kama mlenda. Walikaa chini ya mawe, hawana ugomvi na mtu.

Ila Mbonea. Huyu alikuwa fundi wa majigambo. Siku moja akivuka kijito akamkanyaga mmoja. Mjusi akapiga mkia, pwaa! Mbonea majini, chubwi! Shuka ikaenda na maji. Kuinua kichwa, nani yuko ng'ambo? Mama mkwe! Mama wa watu akajifunika uso kwa ungo, akatimua mbio.

Aibu ikamla Mbonea. Akaenda kwa Jumbe, barazani mbele ya watu.

"Jumbe, wale ni majini. Wanatumalizia samaki wadogo, wale wenye manyoya shingoni. Itisha msaragambo, tuwaue wote."

Msaragambo ni kazi ya kijiji. Baragumu likilia, kila mwenye mikono hutoka.

"Hao mijusi ndio wanaokula kaa," akasema Bibi Nakijwa. "Na kaa ndio wanaotoboa ukingo wa ndiva. Waueni, halafu mmwagilie mahindi kwa machozi. Tena hao samaki mnaowalilia ni watoto wao."

"Bibi, umezeeka!" akasema Mbonea. "Samaki azaliwe na mjusi?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Jumbe akakata shauri: kwa mila, mahindi yakiwa yanachanua baragumu halilii, basi wataua baada ya mavuno.

Bibi Nakijwa naye akacheka. Kesho yake akamletea Mbonea chungu. Ndani mna kisamaki, manyoya mekundu yanapepea shingoni.

"Mjukuu wangu, wewe ndiye mtetezi wa samaki. Mlee huyu. Akinona, kitoweo chako."

"Niachie mimi, Bibi. Nitamnonesha mpaka ashindwe kugeuka!"

Mbonea akachimba nyungunyungu. Kisamaki kikameza, kwap! Mbonea akaimba:

"Kula, mwanangu, kula,
kesho nawe utaliwa!"

Kikakua. Chungu kikawa kidogo, akakihamishia kwenye mtungi wa pombe.

"Mume wangu, pombe nitapikia wapi?" mkewe akauliza.

"Kapikie kwenu!"

Siku moja akaja mbio kwa Bibi. "Bibi, samaki wangu ana miguu!"

"Eh, wengine huwa nayo."

Akarudi tena. "Bibi, manyoya yanapungua!"

"Ndiyo kukua huko. Wewe meno yako ya utoto yako wapi?"

Mbonea akaridhika. Akachimba nyungunyungu, akaimba, "Kula, mwanangu, kula." Ule mstari wa pili siku hizo alikuwa hauimbi.

Mavuno yakaisha. Baragumu likalia, pooo! Watu wakateremka kijitoni na mapanga.

"Jumbe," akasema Bibi, "kwanza Mbonea atuonyeshe samaki wake, tujue tunaokoa nini."

Mbonea, kifua mbele, akabeba mtungi, akaumwaga kwenye maji ya kina kifupi. Pwaaa! Kikatoka kichwa bapa, miguu minne, mkia mnene. Manyoya hamna.

"Jini!" Jumbe akapiga kelele. "Mbonea, uko karibu. Piga!"

Mbonea akainua panga. Mjusi hakukimbia. Akajikokota mpaka mguuni pake, akaachama, akingoja nyungunyungu wake.

"Piga!"

"Simpigi!"

"Kwa nini?"

"Nimemlea mimi! Anayemtaka aanze na mimi!"

Kwa-kwa-kwa! Bibi Nakijwa alicheka mpaka akakaa chini.

"Kumbe tulitaka kuokoa watoto kwa kuua wazazi wao," Jumbe akasema, kichwa chini. Mapanga yakashuka. Na kwa kuwa baragumu lilishalia, Bibi aliwapeleka wote wakazibe matundu ya kaa ukingoni.

Mbonea akabaki kijitoni. Mjusi wake akaingia chini ya jiwe, bila hata kugeuka. Mbonea akafuta machozi, akamfuata Bibi.

"Bibi, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukasema nimezeeka."

Basi, wanangu, usimwinulie panga mzazi kabla hujamjua mwanawe. Na mzee akicheka, jiulize anacheka nini.

Ngano yangu inakomea hapo. Aliyesinzia asiniulize kesho.